Neno Hujaji kwa Mujibu wa Mama Régis

Claudette Mukandayisenga hakuwa mwongo. Jambo hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, sindano mdomoni, na wateja wake walijifunza kutobishana na mtu mwenye sindano mdomoni. Yeye, kwa maelezo yake, alikuwa mshonaji tu: ukimletea kitambaa kisichotosha, huongezea kipande, na akimaliza kupiga pasi huoni pa kuungia. Na maneno alikuwa akiyafanya vivyo hivyo.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na wazazi waliotoka Rwanda wakiwa na mkeka na sufuria moja. Katika kichochoro chao nyumba yao peke yake ndiyo ilikuwa ya Wakatoliki. Zilizobaki zote zilikuwa za Waislamu. Kwa hiyo Kiswahili alikipata kwa majirani, sala akazipata nyumbani, na cherehani akaipata kwa masista waliofundisha kwa Kifaransa na kuchapa vidole kwa rula. Alipoingia Kigali akiwa mama wa mtoto mmoja, Régis, alifungua kibanda chake Gikondo, kati ya gereji na ghala la saruji, na hapo ndipo alipo mpaka leo, akiwa na miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kamba. Watu humwita Mama Régis, ingawa Régis mwenyewe ana mvi.

Ukikaa kwake kusubiri suruali, atakueleza asili ya neno lolote. Mafundi wa gereji aliwaambia kwamba spana ni jina la mke wa Mgiriki mmoja, mwanamke asiyeachia kitu akishakishika. Kuhusu cherehani alisema palikuwa na Mhindi aitwaye Cherehe, na jirani zake walikuwa wakiulizana kila asubuhi, "Kelele hizi zatoka kwa nani?" Jibu lilikuwa, "Kwa Cherehe." Basi. Alisema haya bila kucheka, na ndiyo maana wengi waliondoka wakiamini.

Jumapili alisali misa ya Kiswahili pale parokiani. Ni misa ya watu waliokulia Burundi, Tanzania na Kongo, ambao wanaweza kununua nyanya kwa Kinyarwanda lakini bado hugombana kwa Kiswahili. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, kikundi chao huenda Kibeho kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Hupanda basi hadi Huye, kisha kutoka Huye hutembea kwa miguu, kutwa nzima, vilima na vumbi. Mama Régis alikuwa amekwenda mara saba. Mara zote saba alikaa katika gari la mizigo, akilinda masufuria.

Mwaka huo kikundi kiliamua kushona sare. Mama Régis mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la pelerini, kijoho kifupi cha mabegani ambacho masista walimfundisha kukata, rangi ya buluu, na mgongoni neno lililotariziwa kwa uzi mweupe. Vijoho arobaini. Rangi walikubaliana. Mfano walikubaliana. Kilichobaki ni neno.

Walikutana baada ya misa katika chumba cha katekesi. Mwenyekiti alikuwa Annick, mwanamke wa duka la dawa, mwenye sauti ya kuamrisha na Kiswahili cha Kigali kisichojali ngeli. Mwaka uliotangulia ndiye aliyesimama mbele ya kanisa zima kutangaza kwamba wote wanaotaka kwenda haja Kibeho wajiandikishe mapema, na waliokulia Tanzania walilazimika kutoka nje kwa zamu ili wacheke. Katibu alikuwa Conrad Mutsinzi, mkurugenzi mstaafu wa serikali, aliyekulia Ngara na kusoma seminari mpaka karibu na mwisho. Aliandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili sanifu, na aliposoma alisimama.

"Neno ni Mahujaji," Conrad alisema. "Aendaye hija ni hujaji. Hakuna jingine."

"Hiyo neno iko ya Waislamu, Muzehe," Annick alijibu. "Tutavaa namna gani neno ya Maka na tunaenda kwa Bikira?"

Mtu mmoja nyuma akapendekeza Wapelerini. Conrad akasema hicho si Kiswahili, ni Kifaransa kilichoachwa juani. Mwingine akataka Wasafiri wa Maria. Wakasema linafanana na jina la kampuni ya mabasi. Saa nzima ikapita. Mwishowe Annick akamgeukia Mama Régis.

"Wewe Mama Régis ulikomaa na Waislamu. Hujaji maana yake iko nini?"

Hapa ni lazima niseme jambo moja kuhusu Mzee Conrad. Kila mwaka ndiye aliyeandika orodha ya safari, na kila mwaka jina lake lilikuwa namba moja. Na kwa miaka mitatu mfululizo, siku ya kuondoka, hakuonekana. Mwaka wa kwanza alisema ni goti. Wa pili, harusi ya binamu. Wa tatu alipata mgeni kutoka Dodoma, mgeni ambaye hakuna mtu wa Busanza, anakoishi Conrad, aliyemwona akiingia wala akitoka. Mama Régis alikuwa amelihifadhi hilo kama fundi anavyohifadhi kipande kizuri cha kitambaa, akijua siku yake itafika.

Akavua miwani. "Ni neno la zamani," alisema taratibu. "Wazee wa Buyenzi walitufundisha. Lina vipande viwili: huja, na haji. Huja ni mtu ambaye kila mwaka huja. Mkutanoni huja, kujiandikisha huja, jina lake huja la kwanza kabisa."

Conrad aliacha kuandika.

"Na haji," Mama Régis aliendelea, "ni siku ya safari. Unamngoja penye basi, haji. Unampigia simu, haji. Sasa ukiyatamka yote mawili kwa haraka, huja-haji, huja-haji, ulimi unachoka. Watu wakameza kidogo katikati. Hujaji."

Kicheko kilianza upande wa Watanzania, kikazunguka chumba. Lakini Annick hakucheka. Alikuwa anawaza. "Kumbe," alisema, "iko Kiswahili ya kawaida tu. Haiko ya Maka. Basi mimi nakubali. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Wote walimtazama Conrad, naye akatazama daftari lake. Neno lake lilikuwa limeshinda, kura zote, na limeshinda kwa tusi alilopigwa yeye. Akilikataa lile tusi, neno linarudi kuwa la Waislamu na mkutano unaanza upya. Mama Régis aliona shingo yake ikitoa jasho. Conrad akaandika: Imeafikiwa.

Mambo yangeishia hapo, hii ingekuwa habari ya Jumapili moja. Lakini maneno ya Mama Régis yalikuwa na miguu kuliko yeye. Wiki ile ile Annick aliyabeba hadi kwa Padri Iradukunda, kijana mwema aliyekuwa na miaka miwili tu katika Kiswahili na aliyependa sana kujifunza. Jumapili iliyofuata padri alisimama penye mimbari, akafungua karatasi.

"Ndugu zangu," alisema, "neno hujaji lina siri kubwa. Huja, haji. Mwili huja kanisani kila Jumapili. Je, moyo? Moyo haji."

Padri alikosea ngeli, lakini watu walitikisa vichwa kwa uchungu mtakatifu. Bibi mmoja akafuta machozi. Mama Régis alipiga magoti, akainamisha uso akahesabu vigae vya sakafu. Amewadanganya mafundi, amewadanganya wateja, aliwahi kumdanganya hata afisa wa uhamiaji, na mara zote alilala vizuri. Lakini uongo wake haujawahi kupanda altareni na kuteremka ukiwa umebarikiwa. Alisikia joto masikioni, na wakati huo huo, Mungu amsamehe, alisikia fahari kidogo.

Jumatatu asubuhi Conrad aliingia kibandani. Hakukaa.

"Mama Régis, unajua lile si kweli."

"Mzee Conrad, karibu kiti."

"Hata chembe yake si kweli."

"Chembe ipo," alisema yeye, akivuta uzi. "Lile la kutokuja ni kweli."

Nje fundi alikuwa akigonga bampa, na Conrad alingoja mpaka kelele ikatulia. "Basi mwaka huu nakuja," alisema. "Kwa miguu, toka Huye mpaka Kibeho. Na wewe utatembea, hutapanda gari. Tukifika, utasimama mbele ya kikundi na padri, useme neno hilo kweli limetoka wapi."

"Sasa mimi nitajua wapi limetoka wapi?"

"Tafuta," alisema Conrad, akavaa kofia yake, akatoka.

Mama Régis alibaki na mkasi mkononi. Si kutembea kulikomsumbua, ingawa kulimsumbua pia. Kilichomsumbua ni kwamba katika miaka yote ya kueleza asili za maneno, hakuna siku aliyowahi kuulizia asili ya neno hata moja.

Siku ya pili alikwenda Biryogo kwa Hajati Gwiza, muuza vitambaa, ambaye walicheza naye Buyenzi wakiwa wasichana wadogo. Hajati alikuwa amekwenda Maka kweli, na tangu arudi hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina tupu. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akajifunika mtandio usoni, mabega yakitetemeka.

"Padri alisema hivyo? Mbele ya watu?"

"Kwa karatasi, Hajati."

Alipomaliza kucheka alijifuta macho. "Sikiliza, mwenzangu. Neno ni la Kiarabu. Hija ni kukusudia, kuelekea mahali patukufu. Mwenda hija, kwa wenyewe, ni haji, ndilo hili langu la Hajati. Wakiwa wengi huitwa hujjaji. Sisi Waswahili tukachukua ule wingi tukamvika mtu mmoja, hujaji. Halafu tukaona haitoshi, tukaongeza ma. Mahujaji. Wingi juu ya wingi, kama mtu kuvaa kofia mbili."

"Kwa hiyo ni la kwenu."

"Ni la kwetu."

"Tunaweza kulivaa mgongoni kwenda kwa Bikira Maria?"

Hajati alifikiri, akakunja kanga iliyokuwa mapajani. "Livaeni," alisema. "Sisi tulipokwenda hatukulimaliza." Kisha akaongeza, sasa bila mzaha, "Ila kumbuka, mwanzo wake ni kukusudia. Huyo mzee wenu unayemcheka, huenda alikusudia miaka yote mitatu. Ulimuuliza kilichomzuia?"

Hakumuuliza. Alirudi Gikondo akatarizi neno lile mara arobaini, na kila alipofika kwenye herufi ya J alikumbuka swali lile, na sindano ilimchoma mara mbili.

Tarehe kumi na nne Agosti, alfajiri, walishuka Huye. Conrad alikuwepo. Alivaa pelerini yake ya buluu juu ya koti, viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, na mwavuli mkononi ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Juni. Mama Régis alivaa raba za Régis zilizojazwa soksi mbili. Gari la mizigo lilipowapita, masufuria yakilia ndani, alilisindikiza kwa macho kama mtu anayeagana na ndugu.

Kilima cha kwanza walikipanda wakiimba. Cha pili, wakisali rozari. Kufikia cha nne kila mtu alikuwa na pumzi yake mwenyewe, na kikundi kilitapakaa barabarani kati ya mikaratusi. Conrad na Mama Régis, wenye miaka mingi kuliko wote, walijikuta nyuma pamoja.

"Ninajua sasa," alisema yeye. "Nilikwenda kwa Hajati." Akamsimulia yote, wingi juu ya wingi, na kofia mbili.

Conrad alifurahi kwa namna ya mwalimu. "Na pelerini je? Unajua limetoka wapi?"

"Hilo najua. Mpelerini ni mtu aliyevaa pelerini."

"Kinyume chake. Nguo imepewa jina la mtu. Na mtu ni peregrinus, Kilatini. Mtu anayepita katika mashamba. Maana yake ya kwanza haikuwa mwenda hija hata kidogo. Ilikuwa mgeni. Mtu asiye wa hapa."

Walitembea kidogo. Upande wa kulia mashamba ya chai yalianza, kijani kilichokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi.

"Buyenzi waliniita Mnyarwanda," Mama Régis alisema. "Nimefika Kigali, wananiita Mrundi. Mpaka leo mteja akinitafuta anaulizia yule fundi Mrundi."

"Ngara sisi tulikuwa wakimbizi tu. Jina hatukuwa nalo."

"Basi peregrinus ni mkimbizi aliyepigwa pasi."

Conrad alisimama katikati ya barabara akacheka, mara ya kwanza Mama Régis amsikie akicheka tangu amjue. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya kutisha kidogo. Mbuzi waliokuwa wakila majani kando waliinua vichwa. Na kwa kuwa alikuwa bado anacheka, Mama Régis akaona ni wakati.

"Mzee Conrad. Kwa nini hukuwa unakuja?"

Kicheko kikakatika. Alitazama mbele, akatazama nyuma. "Nakoroma," alisema.

"Wote tunakoroma."

"Hapana, Mama Régis. Mimi nakoroma mpaka jirani alikwenda kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, kushitaki. Alidhani nimeweka jenereta. Na Kibeho tunalala ukumbini, watu arobaini." Alichoma ardhi kwa ncha ya mwavuli. "Marehemu mke wangu alikuwa akinigeuza. Ananigeuza ubavu, nanyamaza, hata siamki. Sasa mwaka wa nne, hakuna wa kunigeuza. Kila Agosti nakusudia kabisa, nafunga begi. Halafu nawaza asubuhi, watu wakinitazama. Mtu niliyekuwa mkurugenzi."

Mama Régis alitaka kusema pole, akaona pole ni ndogo. Alichofanya ni kuuchukua ule mwavuli, akampa rozari yake mikononi badala yake, na wakaendelea kutembea, yeye akiegemea mwavuli kwa sababu ya malengelenge, Conrad akihesabu Salamu Maria kwa sauti ya chini. Walifika Kibeho jua likielekea kuzama, wa mwisho kabisa, na Annick aliwapigia makofi.

Asubuhi ya sikukuu, kabla ya misa, walikaa nje ya ukumbi na vikombe vya uji. Nyuso zilikuwa zimevimba. Ukumbi ule uligawanywa na ukuta mfupi wa matofali, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na hakuna upande uliokuwa umelala. Padri Iradukunda alijichanganya akatia chumvi katika uji wake. Conrad alikaa pembeni, kofia imeshushwa, akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na kitu cha kukorogwa.

"Mimi nauliza tu," Annick alianza. "Hiyo pikipiki ya usiku ilikuwa nani?"

Watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kuelekea pembeni. Mama Régis akasimama. Kusimama kulimchukua muda kwa sababu ya miguu, na kwa hiyo kila mtu akamtazama yeye.

"Nina mambo mawili," alisema. "La kwanza ni la neno lililo migongoni mwenu. Niliwadanganya. Huja-haji nilitunga mwenyewe, na nilitunga ili nimcheke mtu. Neno ni la Waislamu, maana yake ni kukusudia, na tumeliazima kwa mwenyewe. Nilimwomba Hajati Gwiza, akakubali. Padri, nisamehe. Mzee Conrad, nisamehe."

Padri alikuwa ameacha kijiko hewani. "Lakini," alisema kwa masikitiko, "mahubiri yale yaliwagusa watu."

"Yaliwagusa, Padri. Hayo ni yako, mimi nilitoa kitambaa tu."

Annick alihesabu migongo ya buluu kwa macho, akaona arobaini imeshashonwa, akaona pia kwamba Kibeho haikuwa imeanguka. "Basi," alisema. "Na jambo ya pili?"

"La pili, anayekoroma ni mimi."

Conrad aliinua kofia.

"Wewe?" Annick alisema. "Mama Régis, sauti ilitoka kwa wanaume."

"Ndivyo inavyosikika." Alivua miwani yake. "Ukuta wa matofali ya kuchoma hurudisha sauti. Unakoroma huku, inasikika kule. Kule Bujumbura palikuwa na mtu aliyefukuzwa nyumba aliyopanga kwa makoromo ya mwenye nyumba. Muulizeni fundi ujenzi yeyote."

Walitazamana. Mtanzania mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi, akasema kwa kweli aliwahi kusikia kitu kama hicho. Annick hakuridhika. Aliweka kikombe chini, akaingia ukumbini, na wote wakamsikia akipiga kelele ukutani: "Hooo." Akangoja. "Hooo." Akatoka nje.

"Hairudishi kitu."

"Mchana haurudishi," alisema Mama Régis, akiketi taratibu, akimsogezea Mzee Conrad sukari. "Tofali lazima lipoe kwanza."